GMO, chotara na lebo za vyakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Oktoba, watu wakianza kuulizia mbegu, swali la GMO hurudi: kwenye maduka ya pembejeo ya Uyole na Mbalizi huku Mbeya, kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima, na siku hizi hata kwa akina mama wanaonunua unga wa lishe wa watoto. Hapa nimekusanya yale yanayojirudia zaidi. Nauza pembejeo, sina maabara. Nitasema yaliyothibitika na ninayoyaona nikiwa nyuma ya kaunta.

GMO ni kitu gani hasa?

Ni kiumbe ambacho vinasaba vyake vimebadilishwa maabara, mara nyingi kwa kuchomekewa kipande cha kinasaba kutoka kwa kiumbe kingine ambacho kisingeweza kuzaliana nacho shambani. Mfano unaotajwa sana ni mahindi ya Bt. Kwenye udongo yupo bakteria anayeitwa Bacillus thuringiensis, ambaye hutengeneza protini inayoua aina fulani za viwavi. Wanasayansi walichukua kinasaba cha protini hiyo wakakiweka kwenye mahindi. Kiwavi akitafuna jani, anakufa. Kundi jingine kubwa ni mazao yanayostahimili dawa ya magugu: unapulizia shamba zima, magugu yanakauka, zao linabaki limesimama.

Kibiashara mazao yenyewe si mengi. Mahindi, soya, pamba na kanola (zao la mbegu za mafuta) ndiyo yanayobeba sehemu kubwa duniani. Kuna mengine ya hapa na pale: papai la Hawaii tangu 1998, biringanya Bangladesh tangu 2014, kunde Nigeria. Mchele wa Kyela haumo. Ndizi za Tukuyu hazimo. Viazi mviringo vya Njombe navyo havimo, ingawa viazi vya kustahimili baka jani vimefanyiwa majaribio Uganda na Kenya.

Na kwa wanaosema asili haichanganyi vinasaba vya viumbe tofauti: mwaka 2015 watafiti walichapisha kwamba viazi vitamu tunavyolima vina vinasaba vya bakteria vilivyoingia vyenyewe, maelfu ya miaka iliyopita, bila maabara wala kampuni. Hilo halithibitishi kwamba kila GMO ni salama. Linathibitisha tu kwamba kiazi kitamu hakikutuomba ruhusa.

Mahindi chotara ninayonunua dukani ni GMO?

Hapana. Hili ndilo swali namba moja, na ndilo linaloharibu mazungumzo yote yanayofuata.

Chotara hutengenezwa shambani, mchana kweupe. Mzalishaji anapanda mistari ya mahindi "mama" na mistari ya mahindi "baba", ambayo ni koo mbili tofauti zilizotunzwa kwa vizazi vingi. Mahindi mama yakianza kuchomoza mbelewele, watu wanapita mstari kwa mstari wakizing'oa kwa mkono kabla hazijamwaga chavua. Mmea mmoja ukirukwa, usafi wa mbegu unashuka. Kwa hiyo mahindi mama yanapata chavua ya baba peke yake, na punje zinazovunwa kwa mama ndizo zinazoingia kwenye mfuko unaoandikwa F1, yaani kizazi cha kwanza. Kinasaba cha bakteria hakipo humo. Ni mahindi na mahindi.

UH 6303 na UH 615 ni chotara zilizozaliwa hapahapa Uyole. H614, ambayo wazee wengi wa Mbozi na Mufindi wanaijua kuliko majina ya wajukuu wao, ilitoka Kitale, Kenya. Zote ni chotara za kawaida.

Wasiwasi mwingine unatokana na majina ya kampuni. Mbegu zenye alama ya DK zilikuwa za Monsanto, kampuni ambayo Bayer waliinunua 2018, na kweli kampuni hiyo inauza GMO katika nchi zinazoziruhusu. Lakini DK unayoikuta kwenye rafu ya wakala halali hapa nchini ni chotara ya kawaida. Kampuni moja inaweza kuuza vitu viwili tofauti katika nchi mbili tofauti. Cha kuangalia ni kilicho ndani ya mfuko.

Mbona nikirudishia mbegu ya chotara, yaani nikipanda punje nilizovuna, mavuno yanashuka? Si ndizo zile mbegu zilizotegwa zisiote?

Zinaota vizuri tu. Nenda kwenye shamba lililorudishiwa mwezi Februari uone: mhindi mmoja umekupita kichwa, wa pembeni unakufikia kiunoni, huu umeshatoa nywele na ule bado. Nguvu ya F1 inatokana na kukutana kwa koo mbili. Punje za kizazi cha pili kila moja imerithi mchanganyiko wake, kwa hiyo shamba linapoteza ulingano, na mavuno yanashuka. Hakuna mtego.

Teknolojia ya kufanya mbegu isiote kizazi cha pili ilisajiliwa kweli Marekani mwaka 1998, ikapigiwa kelele dunia nzima, na mwaka 1999 Monsanto ikaahidi hadharani kutoiingiza sokoni. Haijawahi kuuzwa kwa mkulima popote.

Ukitaka mbegu ya kurudishia, nunua zile za uchavushaji huria, kama Staha au Kilima, uchague mahindi bora katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani. Mavuno yake hayafikii chotara iliyotunzwa kwa mbolea, lakini kwa mtu asiye na hela ya mbegu kila mwaka hesabu inaweza kukubali.

Kuku wa kisasa? Tikiti lisilo na mbegu? Parachichi za kubebesha?

Hakuna hata kimoja. Kuku wa nyama anakua haraka kwa sababu ya miongo mingi ya kuchagua wazazi, pamoja na chakula chake. Tikiti lisilo na mbegu hupatikana kwa kuchavusha mitikiti yenye idadi tofauti ya kromosomu. Parachichi za Hass za Rungwe na Njombe ni kikonyo kilichobebeshwa kwenye shina jingine. Nyanya zile ngumu zinazosafiri mpaka Dar es Salaam bila kupasuka ni chotara.

Kwa sheria ya Tanzania, GMO zinaruhusiwa kulimwa?

Hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa kibiashara nchini. Msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za usalama wa bioteknolojia za 2009 zilizotungwa chini yake, ambazo zinasimamiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais. Kanuni hizo zilikuwa kali sana: anayeingiza GMO anawajibika kwa madhara yatakayotokea hata kama hakukuwa na uzembe. Mwaka 2015 zililegezwa upande wa utafiti, na 2016 yakapandwa mahindi ya majaribio ndani ya uzio pale Makutupora, Dodoma. Mradi ulikuwa wa mahindi ya kustahimili ukame, ulioitwa WEMA.

Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaagiza majaribio yasitishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza tena kwamba utafiti wa GMO umesitishwa. Mtu akikuambia "Makutupora wanagawa mbegu za GMO", habari yake ni ya zamani, na hata hiyo zamani hazikugawiwa mkulima.

Hatuwezi kuletewa kupitia Tunduma (mpaka wa Zambia) au Kasumulu (mpaka wa Malawi) bila kujua?

Swali la haki, maana mpaka wa Tunduma haulali.

Malawi iliruhusu pamba ya Bt mwaka 2018, lakini mahindi wanayolima ni ya kawaida. Zambia nao ni wagumu. Mwaka 2002, watu wakiwa na njaa, Rais Levy Mwanawasa alikataa mahindi ya msaada kutoka Marekani kwa sababu yalikuwa na GMO. Malawi mwaka huohuo iliyapokea lakini ikataka yasagwe kwanza, ili mkulima asije akayapanda. Hilo la kusaga lina akili: ukila punje imekwisha, ukiipanda na ikatoa chavua, upepo hauulizi mpaka wa shamba ni wapi.

Anayelima mahindi ya GMO kwa wingi upande huu wa Afrika ni Afrika Kusini, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na sasa ndiyo sehemu kubwa ya mahindi yao. Kwa hiyo kama kuna mlango, ni bidhaa za viwandani zinazotoka huko: vitafunwa vya mahindi, nafaka za kifungua kinywa, unga wa mahindi wa kwenye mifuko ya kupendeza. 

Je, chakula cha GMO kina madhara kwa afya? Si kuna panya walipata uvimbe?

Picha za panya wale ndizo zilizosambaa kuliko maelezo yake. Utafiti ule ulichapishwa Septemba 2012 na kundi la Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa. Panya 200 waligawanywa katika makundi ya kumi kumi wakafuatiliwa kwa miaka 2. Tatizo ni kwamba aina ile ya panya, Sprague-Dawley, hupata uvimbe wenyewe wakizeeka, hata wakila chakula cha kawaida. Na kumi ni wachache mno kutofautisha bahati na sababu. Novemba 2013 jarida lililouchapisha likauondoa. Mwaka uliofuata waandishi wakauchapisha upya katika jarida jingine. Lakini Kenya ilikuwa tayari imepiga marufuku uingizaji wa GMO Novemba 2012, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Oktoba 2022, kisha kesi zikaenda mahakamani.

Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko kwenye soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama na haielekei kwamba vina hatari kwa afya. Akademia ya Sayansi ya Marekani ilipitia tafiti na machapisho zaidi ya 900 mwaka 2016, ikafikia hitimisho hilohilo. Na katika ripoti hiyohiyo ikasema haikuona ushahidi kwamba GMO zimeongeza kasi ya ukuaji wa mavuno ya Marekani. Watetezi wa GMO hupenda nusu ya kwanza, wapinzani hupenda ya pili. Soma zote mbili.

Hiyo haina maana kwamba jambo lolote linalotoka maabara liko sawa. Miaka ya 1990 kampuni moja ya mbegu ya Marekani iliweka kinasaba cha kokwa ya Brazili (Brazil nut) kwenye soya. Vipimo vikaonyesha kwamba mtu mwenye mzio wa kokwa ile angedhurika akila soya hiyo, ikaachwa kabla ya kuuzwa. Na mwaka 2000 mahindi ya StarLink, yaliyoruhusiwa kwa mifugo tu, yalikutwa kwenye chakula cha watu madukani Marekani. Bidhaa zikarudishwa kwa wingi. Kesi ya kwanza inaonyesha kipimo kikifanya kazi. Ya pili inaonyesha kwamba kibali cha "mifugo tu" ni karatasi, na ghala halisomi karatasi.

Maoni yangu, kwa kuwa huulizwa pia: mahindi yenye ukungu yananitisha zaidi. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyovunwa na kuhifadhiwa na wenyewe.

Na dawa ya magugu inayotumika kwenye GMO, inasababisha saratani?

Unazungumzia glaifoseti. Machi 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haielekei. Mabishano hayajaisha. Ila kumbuka kwamba dawa hiyo tunaitumia hapa tayari, bila GMO, kusafisha shamba kabla ya kupanda. Namwona kijana anakuja dukani na pampu inavuja mgongoni, kaptula, kandambili, halafu ananiuliza kama unga wa dukani una GMO. Mdogo wangu, anza na gambuti na glavu.

Kama zinasemekana ni salama, lebo ya nini?

Kwa sababu kujua na kuogopa ni mambo mawili. Mwislamu anataka kujua kama kuna mafuta ya nguruwe, mwenye mzio anataka kujua kama kuna karanga, mwingine hataki kuchangia kampuni fulani ya mbegu. Wote wana haki ya kusoma kabla ya kulipa. Wanaopinga lebo husema itawatisha watu bure na kuongeza gharama za kutenganisha ghala na kupima. Gharama ipo, siikatai. Lakini hoja ya kwamba mnunuzi asiambiwe kwa kuwa ataogopa siipendi. Anayeficha ndiye anayeogopesha.

Nchi nyingine zinaandikaje?

Kila mmoja na kipimo chake. Umoja wa Ulaya unataka lebo ikiwa GMO iliyoingia kwa bahati mbaya imezidi asilimia 0.9 ya kiungo, na unadai lebo hata kwa mafuta yaliyosafishwa kabisa. Kenya ina kanuni za 2012 zenye kikomo cha asilimia 1. Afrika Kusini ni asilimia 5. Brazili wana pembetatu ya njano yenye herufi T, inayoonekana hata na asiyejua kusoma, na naona ndiyo iliyobuniwa vizuri kuliko zote. Marekani walianza kulazimisha 2022, kikomo asilimia 5, lakini kanuni zao ziliacha nje mafuta na sukari ambavyo kinasaba hakigunduliki tena, na zikaruhusu kampuni kuweka alama ya kuskani kwa simu badala ya maneno. Bibi wa Ilembo akaskani na nini?

Upungufu unaofanana karibu kote: nyama, maziwa na mayai ya mnyama aliyelishwa GMO havina lebo, hata Ulaya.

Hapa kwetu lebo inatusaidia kiasi gani?

Tangu Julai 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, shirika la viwango, baada ya kuhamishwa kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Bidhaa ya kufungashwa inatakiwa ionyeshe jina, viungo, mtengenezaji, uzito, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuingiza au kuuza GMO kunahitaji kibali chini ya kanuni za 2009.

Sasa nenda soko la Mwanjelwa au la Soweto hapa Mbeya asubuhi. Mahindi yako kwenye gunia lililofunguliwa, maharage kwenye kisado, unga umetoka mashineni ukiwa bado na joto, mafuta yanapimwa kwa kibaba kutoka kwenye dumu. Hakuna pa kubandika lebo. Mfumo wa lebo ulitengenezwa kwa ajili ya watu wanaonunua kwenye rafu, na sisi chakula kingi tunanunua kwa muuzaji tunayemjua kwa jina. Kwa mahindi, maharage na mchele wa hapa hilo halinipi shida, maana mbegu zake si za GMO. Shida ni dumu la mafuta na soya ya unga wa lishe ambayo hata muuzaji hajui ilikotoka. Kama kuna mahali pa kudai maandishi, ni hapo: nchi ya asili, na aina ya mafuta. "Mafuta ya mimea" peke yake si jibu.

Basi bidhaa zipi dukani zinaweza kuwa na GMO?

Zile za kutoka nje zenye mahindi, soya au kanola: wanga wa mahindi, sharubati ya mahindi kwenye pipi na biskuti, mafuta ya soya, lesithini ya soya kwenye chokoleti. Mafuta ya alizeti na ya mawese hayana, kwa sababu hakuna alizeti wala mchikichi wa GMO unaolimwa kibiashara. Ukinunua alizeti iliyokamuliwa Iringa, wasiwasi wako uwe kwenye usafi wa kinu.

Stika ya tufaha ikianza na 8 ni GMO?

Utaratibu wa namba hizo ulitenga 8 kwa ajili ya GMO, lakini ulikuwa wa hiari na haukutumika madukani. Nyingi ni za tarakimu nne, ambazo ni za keshia.

Naweza kupima mwenyewe?

Kwa macho, ulimi au ukubwa wa hindi, hapana. Vipo vijikaratasi vya kupima protini ya Bt kwenye punje zilizosagwa, na kipimo cha uhakika ni PCR ya maabara, inayotafuta kinasaba chenyewe. Mafuta yaliyosafishwa na sukari ni vigumu hata kwa maabara, kwa kuwa kinasaba kimeondoka. Hapo unabaki kutegemea nyaraka za mzigo.

Nilipie zaidi bidhaa iliyoandikwa "haina GMO"?

Kwa soya au mahindi ya kutoka nje, hilo linaweza kuwa na maana. Kwa chumvi na maji, ambavyo havina vinasaba kabisa, ni biashara ya maneno. Kwa mchele vilevile, hakuna mchele wa GMO unaokusubiri Igurusi.

Kama mkulima, kutokuwa na GMO kunanisaidia sokoni?

Kwa soya, kunaweza. Tangu makubaliano ya 2020 soya ya Tanzania inaruhusiwa kuingia China, na wanunuzi wa soya ya chakula hupenda isiyo na GMO. Lakini usitegemee sifa hiyo peke yake. Machi 2021 Kenya ilifunga mpaka kwa mahindi yetu, ikafungua siku chache baadaye kwa masharti. Sababu haikuwa GMO, ilikuwa sumukuvu. Turubai la kuanikia na kipima unyevu vingekuwa na faida kubwa kuliko mabishano yote ya mwaka ule.

Nimebakiwa na mbegu zenye rangi ya pinki. Nikiziosha naweza kusaga?

Hapana, wala usiwape kuku. Rangi ile haihusiani na GMO. Ni dawa ya ukungu na wadudu, na imetiwa rangi makusudi ili mtu asiile. Kuosha hakuitoi yote. Funga mfuko, weka pakavu mbali na watoto. Msimu ujao hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uangalie baada ya wiki moja. Zikiota chache, nunua mbegu mpya, ukwangue namba ya siri kwenye lebo ya TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu) kuihakiki kabla hujaondoka dukani.